Kinu cha Kungu

Nilipoambiwa mbwa atakula nyama mbichi nilicheka. Nilidhani yule bibi kakosea Kiswahili. Ni Mtaliano, lugha kajifunza kwa wavuvi na wauza mboga, na mara nyingi neno "mbichi" humtoka pale anapotaka kusema samaki wa leo. Mara hii hakukosea. Alifungua friza akanionesha vijaluba vya plastiki vimepangwa safu kama dawa za hospitali, kila kimoja kina kinyama chekundu ukubwa wa kiberiti. Mara nne kwa siku, akasema. Usipike, usitie chumvi.

Mimi ni mpishi. Nyumba yake ya wageni iko Jambiani, pwani ya Unguja, na kila masika akifunga huenda kwao, mimi hubaki na funguo, kuku wangu na mvua. Mwaka ule aliniachia na mtoto wa mbwa. Chihuahua, wiki kumi, gramu 900 kwenye mizani ya unga. Kwa rangi na kwa ukubwa wa kichwa ilikuwa kama umeokota kungumanga, ndiyo maana akamwita Kungu. Mbwa wa aina hii hata akikua hatakiwi kufika kilo tatu. Paka wa jirani alimzidi.

Kabla ya nyama, kulikuwa na suala la mate.

Mama yangu, niliyekuwa nikirudi kwake kila jioni, alinipokea mlangoni kwa swali moja tu: "Umemgusa?" Sisi ni Waislamu wa madhehebu ya Shafii, na mbwa akikulamba ukiwa na umajimaji, pahala pale huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Vyombo vivyo hivyo. Nilikwenda kwa Maalim wetu nikamweleza kwamba hii ni kazi, siwezi kuiacha, na kiumbe kile kikikosa chakula siku moja kitakufa. Hakunigombeza. Alinikumbusha kwamba hata watu wa pangoni waliotajwa kwenye Kurani walikuwa na mbwa wao, akasema nitenge vyombo, nivae glavu, nguo ya kazi ibaki kazini, na kumlisha mnyama mwenye njaa hakuna anayeweza kunilaumu. Basi nikatenga. Jambiani mchanga upo wa kumwaga, udongo ndio wa kutafuta, kwa hiyo nikaleta ndoo ya ule mwekundu kutoka maweni, kwenye mashimo ya mawe wanamolima mihogo, nikaiweka nje karibu na bomba. Bakuli la Kungu, kisu cha Kungu, ubao wa Kungu. Niliona ni mzigo. Baadaye nilikuja kugundua kwamba utaratibu ule niliouweka kwa ajili ya sala ndio huohuo daktari aliotaka niuweke kwa ajili ya vijidudu. Lakini natangulia mbele.

Vijaluba vya friza vilikuwa vya siku kumi. Baada ya hapo kulikuwa na karatasi kwenye mlango wa friji: nyama ya misuli asilimia 80, mfupa 10, ini 5, ogani nyengine 5. Chini yake: chakula cha siku ni sehemu moja ya kumi ya uzito wake, mpime kila Ijumaa.

Kungu wa gramu 900, siku ni gramu 90. Ukizigawa mara nne unapata gramu ishirini na mbili na ushei. Mimi nimepika pilau ya watu mia mbili kwa jicho na sijawahi kuaibika. Gramu ishirini na mbili sikuwahi kuzipima maishani. Na ini asilimia tano ya gramu 90 ni ncha ya kidole. Ukizidisha kidogo tu, umezidisha mara mbili. Nilimwambia kijana wa dukani nataka mizani ya sonara akanitazama kama nimepata dhahabu.

Kosa langu la kwanza lilikuwa la lugha. Ogani. Kwetu, moyo, firigisi, ini, figo, bandama, vyote ni vya ndani, vyote huingia sufuria moja. Nilipoona "ogani nyengine" nikajua firigisi, kwa sababu ndizo rahisi kuzipata. Kumbe katika hesabu ya watu hawa wanaolisha mbwa nyama mbichi, firigisi ni nyama. Moyo ni nyama. Ni misuli, haijalishi imekaa wapi. Ogani ni zile zinazochuja na kutengeneza: ini, figo, bandama. Mtoto wa watu alikaa wiki tatu na firigisi mahali pa ogani, na ini lenyewe nilimpa mara moja tu, kipande cha uroho, akaharisha siku nzima. Nikaapa ini simpi tena.

Kosa la pili lilikuwa la huruma, na hilo ndilo lililoniumiza. Mfupa. Nilimtazama yule mnyama, meno ya maziwa kama punje za mchele, nikasema hapana, huyu nikimpa mfupa ananifia mkononi. Sikujua kwamba vile vijaluba vya mwanzo vilikuwa na shingo za kuku zilizosagwa humohumo. Mfupa ulikuwemo ila hauonekani. Mimi nikaona nyama tu, nikaendelea na nyama tu. Tena nyama nzuri! Steki, isiyo na mafuta, ya bei. Nilikuwa nikijisifu kwa mama kwamba mbwa huyu anakula vizuri kuliko sisi.

Mwishoni mwa Aprili aliacha kuruka kizingiti. Kwanza nikadhani ni mvua, hataki kulowana. Kisha akawa analia nikimwinua. Kisha nikaona miguu ya mbele: imepinda kidogo kwa nje, na nyayo zimelala bapa kama za bata. Anakula, mkia unacheza, lakini akitembea anatembea kama anakanyaga miiba.

Kumpeleka mjini nako kulikuwa na hadithi yake, maana daladala hakuna atakayekupakia na mbwa, hata akiwa ndani ya kapu. Nilikodi gari, zaidi ya kilomita 50, pesa ya matumizi ya wiki mbili ikaenda. Dereva aliniuliza mara tatu kama hatoki.

Daktari wa mifugo alimpapasa miguu, mbavu, taya. Akaniuliza anakula nini. Nikamwambia kwa fahari: steki. Akaweka kalamu chini.

"Dada, huyu unamlisha nyama tupu?"

"Nyama safi, daktari."

"Safi sawa. Lakini nyama ina fosforasi nyingi na kalsiamu karibu hakuna. Fosforasi imeizidi kalsiamu mara kumi na zaidi. Mwili wake unataka kalsiamu iwe juu kidogo ya fosforasi. Isipokuja kwenye bakuli, ataitoa wapi?"

Sikujibu.

"Kwenye mifupa yake mwenyewe. Anajila."

Neno lile nililala nalo. Kadiri nilivyomnunulia nyama bora ndivyo alivyozidi kujila. Mbwa mkubwa, alisema, angestahimili muda. Mtoto anayekua hana akiba hiyo, na mdogo kama huyu ukikosea gramu mbili umekosea sana. Alinipa mambo mawili: asiruke wala kupanda popote kwa wiki kadhaa, na mfupa urudi kwenye chakula siku hiyohiyo.

Nikarudi na swali la jinsi. Shingo nzima ya kuku kwa mdomo ule ingemkaba. Mashine ya kusagia tuliyonayo ni ya wageni, sikuthubutu. Nikakumbuka kinu. Kile cha mama nisingekiomba hata kwa ndoto, kwa hiyo nilinunua kingine kidogo, nikakipaka mstari wa rangi nyekundu shingoni ili asije mtu akatwangia kisamvu. Shingo za kuku nikazikata vipingili, nikazitwanga zikiwa zimeganda nusu, maana zikiyeyuka hukimbiakimbia. Ukitwanga vizuri unapata rojo la pinki lisilo na kigae chochote; unalipitisha kidoleni, ukihisi ncha unarudia. Mama alikuja siku moja akanikuta barazani natwanga. Akasimama muda.

"Mama yangu mie alitwanga mpunga," akasema. "Nami nimetwanga mpunga. Wewe unatwangia mbwa."

Kisha akaketi akanionesha kwamba nashika mchi vibaya.

Hesabu nayo ikakaa sawa nilipoacha kupima siku na kuanza kupima wiki. Kwa wiki ya gramu 630: mfupa unaotakiwa ni gramu 63, lakini shingo si mfupa wote. Ikiwa na ngozi yake, mfupa ni kama theluthi. Kwa hiyo shingo gramu 180, ndani yake mfupa umo na nyama kiasi imo. Ini 31. Figo au bandama 31. Kinachobaki, karibu 385, steki na moyo na firigisi. Unachanganya vyote pamoja, unagawa vijaluba ishirini na nane. Hapo ule mgao wa ini hauwi tena ncha ya kidole ya kila siku. Umetawanyika humo na tumbo halishtuki. Na kinyesi kikawa ndio cheti changu: kikiwa cheupe na kinavunjika kama chokaa, mfupa umezidi, kikiwa laini na cheusi, umepungua au ini limezidi. Sikutegemea kama nitafika umri huu nasoma mavi ya mbwa kila asubuhi kama nasoma gazeti.

Figo zilikuwa taabu. Ng'ombe ana figo mbili, na ng'ombe hachinjwi kila siku kijijini. Muuza nyama alidhani nina mgonjwa wa upungufu wa damu nyumbani, akawa ananiwekea. "Bi dada, mgonjwa anaendeleaje?" Nikamwambia anaendelea vizuri, miguu inanyooka. Sikusema uwongo. Alipokuja kujua mgonjwa ni nani alicheka mpaka akalaza kisu. Akanifundisha kitu ambacho hata karatasi ya friji haikuwa nacho: kulichana ini na kulitazama ndani kabla ya kununua. Lenye njia nyeupe ngumu ndani yake limepita minyoo. Lenye malengelenge ya maji, au pafu lenye malengelenge, usilipeleke kabisa. Daktari aliniambia sababu yake nilipompigia: hayo malengelenge ni tegu wachanga, mbwa akiyala mabichi tegu hukomaa tumboni mwake, na mayai yanayotoka kwake yakimfikia mtu ndiyo humfanyia uvimbe wa maji kwenye ini au mapafu. Hapo nikafahamu kwa nini machinjioni husisitizwa kufukia vya kutupwa. Nilikuwa nimedhani ni usafi tu wa macho.

Na watu walisema, bila shaka. Mbwa wa pwani hawapimiwi nyama! Wanakula vichwa vya samaki na matumbo ya pweza, hao wanazaa. Kweli. Ila mimi nimekaa pwani ile maisha yangu yote, nimeona pia watoto wa mbwa sita chini ya ngalawa Jumatatu, na Jumatatu ya pili wawili. Tunaowaona wakikimbia jioni ni wale waliobaki. Wale wanne hakuna anayewahesabu.

Mwezi wa Mei ndio ulionivunja moyo na huo ubichi. Umeme ulikatika usiku wa mvua na haukurudi mpaka kesho yake magharibi. Nilifika asubuhi nikakuta friza inatoka maji, vijaluba vimelegea, vina ile harufu ambayo bado si mbaya lakini mpishi anaijua. Joto letu hili nyama haihitaji siku. Nikavitupa vyote, nikasema nitakwenda bucha mvua ikipungua. Haikupungua. Saa tano nikamkuta Kungu amejikunja chini ya kabati, anatetemeka, fizi zimepauka, nikimwita anainua kichwa kinaanguka. Mara ya mwisho kula ilikuwa jana usiku.

Nilimpigia yule bibi, kwao ilikuwa bado asubuhi. Hakuuliza maneno mengi. Asali, akasema, kwenye fizi, sasa hivi, kwa kidole. Nikafanya. Glavu sikukumbuka. Dakika kama kumi akalamba midomo. Nusu saa akasimama. Nikachemsha yai nikampa nusu. Baadaye nilielezwa: watoto wa mbwa wadogo hivi hawana pa kuweka akiba ya sukari, ini lenyewe kama ukucha, wakipitisha muda bila chakula sukari ya damu huporomoka, na wanaweza kufa kabla ya adhuhuri kwa kitu ambacho mbwa mkubwa angekiita njaa ya kawaida. Ile "mara nne kwa siku" niliyoiona ni kudekeza ilikuwa ndiyo uhai wake.

Nikaosha mkono mara saba, moja kwa udongo wa maweni, mvua inanipiga. Siku hiyo nikaamua: kwa masika haya, napika.

Nilimwandikia yule bibi, akaja juu. Alisema kupika kunaua virutubisho, mbwa ni wa ukoo wa mbwa mwitu, na mengine. Nikamjibu kwamba mbwa mwitu hana friza inayokatika umeme. Nikamwambia pia kwamba nyumbani kwa mama kuna mjukuu anayetambaa, na daktari ameniambia salmonela, kijidudu cha kwenye kuku mbichi, haifi kwa kugandishwa, na mbwa anaweza kuitoa kwenye kinyesi na mate huku mwenyewe mzima wa afya. Mimi ndiye ninayetoka kwake na kwenda kumbeba yule mtoto. Alinyamaza siku mbili. Kisha akaandika: pika, lakini mfupa uliopikwa usimpe.

Hilo nilikuwa nalijua, kila mpishi analijua: mfupa mbichi unapondeka, uliopikwa unachanika vigae kama kioo. Kwa hiyo shingo zikatoka, kalsiamu ikaja kwa njia nyengine. Maganda ya mayai, ninayo kila siku. Unayaosha, unayakausha kwenye oveni, unayatwanga kwenye kinu kile chenye mstari mwekundu mpaka yawe kama unga wa ngano, usihisi chenga ulimini. Kijiko cha chai kimoja kisichojaa kwa kila gramu 600 za nyama. Nyama naichemsha maji kidogo, na yale maji simwagi, ni yake. Ini na figo vinaingia mwishoni. Chumvi hapana. Kitunguu maji na thomu (kitunguu saumu) ndiyo marufuku kabisa, vinaharibu damu ya mbwa vikiwa vibichi au vimepikwa; kwa hiyo sufuria ya Kungu ikawa ndiyo sufuria pekee ya Unguja isiyojua kitunguu. Mchuzi wa nazi alioupata siku moja kwa mpita njia mwenye huruma ulimtapisha usiku kucha, mafuta yale ni mengi kwa kongosho dogo hivyo.

Samaki nilimpa mara mbili kwa wiki, na hata kabla ya umeme kukatika nilikuwa nampikia. Dagaa wabichi wana kitu kinachoharibu vitamini B1, moto ndio unaokiondoa. Waliokaushwa kwa chumvi, ambao ndio wengi kwetu, hawafai.

Je, mbichi ni mbaya? Nimeulizwa sana, na jibu langu huwaudhi wa pande zote mbili. Kungu alipata shida ya miguu kwenye mbichi, akapona kwenye mbichi ileile ilipohesabiwa vizuri. Miguu ilikuwa imeshaanza kunyooka kabla sijawasha jiko. Ningempikia steki tupu angejila vilevile. Kilichonitoa kwenye mbichi ni umeme, joto na mtoto anayetambaa, na mtu asiye na matatu hayo afanye atakavyo, ila apime.

Mwezi wa Julai yule bibi alirudi. Kungu alikuwa na kilo 1.9, ameshachanjwa kichaa cha mbwa, dawa ya minyoo ameshakunywa, meno ya mbele yamebadilika, anaruka kizingiti kwa fujo. Alimtazama miguu kwanza. Kisha akaitazama karatasi ya friji, kwa sababu haikuwa yake tena. Nilikuwa nimeiandika upya kwa mkono: NYAMA: steki, moyo, firigisi. INI: ini. ZILE NYENGINE: figo, bandama, FIRIGISI SI HUMU. MFUPA: shingo zilizotwangwa au maganda, kimoja tu. ASIPITISHE SAA SITA BILA KULA. Aliipiga picha.

Akaniuliza kama ningependa kuwa na mbwa wangu mwenyewe, kuna rafiki yake Paje ana watoto watatu wa kugawa. Nikamwambia ahsante, nina kuku.

Kinu kiko kwake mpaka leo, nje, chini ya paa la makuti. Juzi mama kaniuliza kama kile kinu cha mstari mwekundu kimeshaingia ufa, maana mti wake ulikuwa haujakauka vizuri nilipokinunua. Nikamwambia kimeingia kidogo, upande wa juu. "Nilikwambia," akasema. "Na mchi unaushika vipi siku hizi?"